Robo Saa Katika Kila Kituo

Binadamu tuna mizani ya ajabu. Jino letu likiuma tunalipima kwa tani, kidonda cha jirani tunakipima kwa vijiko vya chai. Mwenzetu akisema amechoka, tunamtazama juu hadi chini kama mtu anayetaka kutuuzia kitu kibovu. Si kwamba sote tuna roho mbaya, la hasha! Wengine wetu tuna roho nzuri kabisa, na hao ndio wa kuogopwa zaidi, maana huumiza watu huku wakiwapenda. Mzee ninayetaka kuwasimulia habari zake alikuwa mmoja wao.

Mzee huyo alikuwa tarishi wa posta kwa miaka thelathini na minne. Mtaani walimwita Dakika, kwa sababu watu walirekebisha saa zao walipomwona akikata kona. Alitembea kwa miguu, mfuko wa ngozi begani, kuwe na jua kuwe na mvua, mpaka mbwa wa njia yake wakachoka kumbwekea. Posta ilimfundisha jambo moja ambalo halikumtoka hata alipostaafu. Kila kituo alichofika aliandika saa ya kufika, akapumzika dakika zake, kisha akaandika saa ya kuondoka. Daftari lake halikuwa na doa wala mkwaruzo, na mabwana wakubwa walikuwa wakilionyesha kwa matarishi wapya ili waone kazi inavyofanywa.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mume alipotembea, yeye aliketi. Cherehani chake cha kukanyaga kilikuwa sebuleni, karibu na dirisha, na hapo ndipo aliposhona sare za shule, mapazia, magauni ya maharusi na suruali za wanaume wenye vitambi wasiotaka kukiri kwamba wana vitambi. Miguu yake ilikanyaga kutwa nzima lakini haikwenda popote. Kila siku, saa sita kasorobo, alimwona mumewe akipita upande wa pili wa barabara na mfuko wake. Alimpungia mkono wenye mkasi, naye mume akampungia bila kupunguza mwendo. Kwa miaka thelathini na minne, hayo ndiyo yaliyokuwa matembezi yao.

Siku Dakika alipostaafu, mkewe alimwomba kitu kimoja tu.

"Baba, miaka yote hii umetembea na barua za watu. Sasa nataka utembee na mimi. Mara moja tu, mahali penye miti na maji, mimi na wewe, bega kwa bega."

"Hilo tu, mama?" Dakika alicheka kwa furaha. "Mbona umeshapata!"

Na kweli hakufanya mzaha. Kusini mwa mji wao palikuwa na msitu mkubwa wenye maziwa matatu, na kijia kilichoyaunganisha kama uzi unavyopita kwenye vifungo vya shati. Dakika alinunua ramani, akaitandaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaibana kwa pini za mkewe. Alipima njia kwa uzi wa cherehani, akaunyoosha uzi kwenye rula, akapiga hesabu. Alipiga simu ofisi ya msitu kuuliza mabenchi yako wapi, madaraja yana hali gani, matope huanza mwezi gani. Alichagua njia isiyo na kilima. Mwendo wa siku mbili, kulala katika nyumba ya wageni iliyo kando ya ziwa la kwanza, kisha ziwa la pili, kisha la tatu, na kurudi nyumbani kwa basi. Wiki tatu nzima fundi alikatia vitambaa vyake sakafuni, kwa sababu meza ilikuwa imekaliwa na msitu.

"Si mbio hizi, wala si kupanda mlima," Dakika alimwambia. "Ni matembezi ya polepole. Hata mtoto angekwenda."

Fundi alikuwa ameinama sakafuni, anakata kola. Alipojaribu kunyanyuka ilimbidi ashike mguu wa meza, akasimama hapo kwanza, akihema.

"Baba, siku hizi pumzi inanikatika. Na jioni miguu hii inavimba, viatu havinienei."

"Ni hicho cherehani, mama! Kimekuketisha mno. Ukianza kutembea, kifua kitafunguka chenyewe. Mwulize tarishi yeyote."

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa upendo, akamsaidia kuokota vipande vya kitambaa. Lakini macho yake yalikuwa yamesharudi kwenye ramani.

Binti yao, aliyekuwa mwalimu na aliyekuja kuwaona kila Jumapili, hakupendezwa na safari hiyo hata kidogo. "Baba, mama hapandi ngazi tatu bila kushika ukuta," alisema.

"Msituni hakuna ngazi," Dakika alijibu, na wote watatu wakacheka. Binti alicheka kidogo kuliko wenzake.

Ni binti huyo aliyempeleka mama yake kwa daktari. Daktari alimpa vidonge, akamwambia moyo wake umechoka. Kutembea hakumkatazi, ila kila anapohisi pumzi imemwishia akae, asiinuke mpaka pumzi imrudie. Fundi alirudi na habari hizo kama mtoto aliyepewa ruhusa. Kumbe mumewe alikuwa amemtangulia! Dakika alifungua daftari, akamwonyesha. Vituo kumi na vitatu, saba siku ya kwanza, sita siku ya pili, na mbele ya kila kituo aliandika kwa mwandiko wake wa posta: mapumziko, robo saa.

"Nilikuwa nimeshaweka," alisema kwa fahari. "Nani atasema sikujali?"

"Sijui kama robo saa itanitosha, baba."

"Robo saa, mama! Mimi posta nilikuwa napumzika dakika tano, na mzigo wa kilo kumi na tano begani."

Fundi angeweza kusema hapana, na tarishi angekunja ramani yake bila kununa, kwa maana alimpenda. Lakini mwanamke huyo alikuwa amengoja matembezi hayo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Aliogopa kwamba akisema hapana mara moja, hawatatembea tena milele. Akapiga moyo konde, akavipeleka viatu vyake kwa fundi viatu vikapanuliwe.

Waliondoka Jumamosi asubuhi. Mabegi yalikuwa mawili, nayo Dakika aliyapima kwenye mizani ya jikoni ili asimwonee mwenzake. Lake lilikuwa na uzito wa kilo kumi na moja, la mkewe kilo nne tu, nguo na chupa ya chai. Basi liliwashusha penye lango la msitu, wakaingia chini ya miti mirefu. Hewa ilinukia majani mabichi. Ndege walikuwa wakigombana huko juu, na jua lilidondoka vipande vipande kwenye kijia. Kwa hatua mia mbili za kwanza walikwenda bega kwa bega, na fundi alikuwa akicheka peke yake kama msichana.

Kisha miguu ya Dakika ikakumbuka kazi yake ya zamani. Sikiliza, msomaji: miguu iliyotembea miaka thelathini na minne haiulizi ruhusa. Alitangulia hatua tano, zikawa ishirini, halafu akawa anaonekana shati tu katikati ya miti. Hakuona ubaya wowote. Alijisemea, "Nitamngoja kituoni." Akafika kituo cha kwanza, benchi kando ya kijito, akaandika saa ya kufika, akavua begi, akanyoosha miguu, akanywa maji. Dakika ya kumi na mbili mkewe akatokea, amekunja uso, mkono kifuani.

"Karibu, mama! Bado tuna dakika tatu. Kaa, kunywa maji."

Fundi alikaa. Alikuwa hajamaliza hata kufungua chupa, tarishi akatazama saa, akaandika saa ya kuondoka, akanyanyuka.

"Ngoja kidogo, baba."

"Kituo kinachofuata ni kizuri zaidi, kina kivuli. Tutakaa vizuri."

Kituo kilichofuata fundi alifika dakika kumi na sita baada ya mumewe, akamkuta amesimama tayari, begi mgongoni. "Tumechelewa dakika moja tu, si neno, twende polepole," Dakika alimwambia kwa upole. Kituo cha tatu yakawa yale yale. Na cha nne. Mume alipumzika robo saa kamili katika kila kituo, akanyanyuka akiwa mpya, akashangaa mtu anawezaje kuchoka kwa mapumziko mengi namna ile. Mke alifika, akaona mgongo ukiondoka, akaufuata.

Ziwa la kwanza walilifikia saa kumi na nusu. Lilikuwa limetulia, matete yamesimama pembeni, na upande wa pili mti mmoja ulikuwa umeinamia maji. Dakika alisimama akimngoja mkewe alione, maana hilo ndilo alilokuwa amelipangia wiki tatu zote. Fundi alipofika alilitazama akiwa ameegemea uzio.

"Zuri, baba," alisema. "Ahsante." Machozi yalimlengalenga, na Dakika alidhani ni ya furaha. Labda baadhi yalikuwa ya furaha kweli.

Katika nyumba ya wageni hakula. Alijilaza akiwa na viatu vyake, kwa sababu havikutaka kuvulika. Dakika alipiga magoti akavifungua kamba, akavivuta taratibu, akaona vifundo vimejaa kama andazi. Aliingiwa na wasiwasi kidogo.

"Mama, unaumwa?"

"Nimechoka tu." Kisha akatabasamu. "Ila leo nimekuona mgongo vizuri. Hilo shati lako limefumuka kwapani, tukirudi nikulishonee."

Dakika alicheka, akamkanda miguu kwa maji ya uvuguvugu. "Kesho ni fupi," alimfariji. "Kesho vituo sita tu." Aliamini kabisa kwamba hayo ni maneno ya kumpa mtu nguvu.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu, kijia kikawa na utelezi. Kituo cha nane Dakika alimngoja mkewe dakika ishirini, cha tisa ishirini na tano. Kituo cha kumi kilikuwa gogo kubwa kwenye ukingo wa ziwa la pili. Hapo aliketi, akaandika, akapumzika robo saa yake, ikaisha. Nusu saa ikaisha. Alianza kukasirika. Atakuwa amesimama kutazama ndege, alijiambia. Wanawake na vitu vya kupendeza, unapanga ratiba nao wanapanga yao. Akaandika kwenye daftari: *kuchelewa, dakika arobaini*. Ndipo akarudi nyuma, mwendo wa haraka, hotuba ikiwa tayari mdomoni.

Alimkuta ameketi chini, mgongo kwenye mti, midomo imekuwa ya kijivu. Begi lilikuwa bado mgongoni, limebanwa kati yake na shina. Hotuba ilimkauka Dakika.

"Mama! Mbona hata begi hukulivua?"

"Ningelivua, nisingeweza kulivaa tena."

Alimvua begi mwenyewe. Alilinyanyua kwa vidole viwili, likaja jepesi, jepesi kabisa, na kabla hajauzuia ulimi wake alisema: "Hiki? Hiki kibegi ndicho kilichokuchosha?"

Fundi hakukasirika. Alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza njia katika mji alikozaliwa. "Kwako ni kibegi," alisema. Akavuta pumzi, ikaja nusu. "Baba, nimekuharibia ratiba. Lakini usiende. Kaa hapa nami kidogo. Si lazima tufike. Mimi sikutaka kufika."

Dakika alitoa simu, haikushika mtandao. Ofisi ya walinzi wa msitu ilikuwa mbele, karibu na ziwa. Aliijua ilipo kwa sababu aliiweka mwenyewe kwenye ramani. Kukaa naye, au kumkimbilia msaada? Nani kati yetu angekaa? Alimfunika kwa koti lake, akamwambia, "Nakuja sasa hivi, mama, robo saa tu," akakimbia. Kwa mara nyingine tena fundi aliona mgongo wake ukienda.

Walinzi wawili walikuja na machela, kisha gari. Walimfikisha zahanati akiwa anapumua, lakini hakusema neno jingine. Alikata roho saa saba na dakika kumi mchana. Ninaijua saa hiyo kwa sababu mkono wa Dakika uliiandika wenyewe, pasipo yeye kujua kwamba anaandika.

Daktari wa zahanati alikuwa mama wa makamo, mtaratibu. Alimkalisha kwenye kiti, akampa pole, akamngoja alie. Kisha akauliza aliyopaswa kuuliza.

"Moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi, mzee. Mlijua?"

"Tulijua. Aliambiwa apumzike."

"Alipumzika njiani?"

"Sana!" Dakika alifuta machozi, akatoa daftari mfukoni. Hata katika msiba ule sauti yake ilipata nguvu, kwa sababu hapa alikuwa na ushahidi. "Kila kituo, daktari. Robo saa. Tazama: kufika, mapumziko, kuondoka. Sikuruka hata kimoja."

Daktari alipitisha kidole kwenye mistari, taratibu, hadi chini. Akageuza ukurasa, akarudi wa kwanza.

"Hii ni saa uliyofika wewe," alisema. "Yeye alifika saa ngapi?"

Dakika alilichukua daftari. Alitafuta. Vituo vyote vilikuwa na saa ya kufika, mwandiko mzuri, wino haujachuruzika. Palikuwa na saa yake. Ya mkewe haikuwepo, hata mara moja. Akaanza kuhesabu kwa kichwa: alifika dakika ya kumi na mbili, tukaondoka ya kumi na tano. Alifika ya kumi na sita, tukaondoka papo hapo. Alihesabu vituo vyote mpaka gogo la ziwa la pili, na alipomaliza kujumlisha aligundua kwamba, katika siku mbili za matembezi ya polepole, mkewe alikuwa amepumzika dakika tisa. Alitoa mlio ambao wagonjwa waliokuwa kwenye foleni huko nje waliusikia, wakanyamaza.

Walimzika Jumanne. Binti alipokea wageni, akagawa chai, akapanga viti, lakini hakumsemesha baba yake. Alikuwa amemwonya, naye akajibiwa kwa mzaha, na mzaha ule sasa ulimkaa kooni kama mfupa. Dakika aliketi sebuleni karibu na dirisha, kwenye kiti cha cherehani, akitazama barabara ambayo kwa miaka thelathini na minne alikuwa akiitazama kutoka upande wa pili.

Siku ya tano alikuja tarishi mwenzake wa zamani, mtu mwema, mchangamfu, ambaye hawakuwa wameonana kwa miezi. Alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, ndugu yangu. Ndiyo dunia. Lakini usijikalie hivi, jikaze! Mwanamume hujikaza. Wiki mbili, tatu hivi, utaona umezoea. Mbona wengine wamefiwa na wanacheka?"

"Ahsante," Dakika alisema.

"Tena una pensheni yako, una binti, afya unayo. Wapo wenye shida, bwana wee." Akamaliza chai, akatazama saa. "Haya, nisikuchoshe. Ngoja niwahi." Akampiga begani, akaondoka, mwendo wa kitarishi, akakata kona.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia, hasira zimempanda. "Huyu mtu hana haya? Wiki mbili! Baba, mbona hukumjibu?"

"Nimjibu nini, mwanangu? Amekuja kwa wema. Amenitazama, akaona mzigo wangu unabebeka." "Nami ndivyo nilivyomtazama mama yako."

Binti aliweka sinia chini. Tangu msiba hakuwa amemtazama baba yake usoni, na sasa alimwona jinsi alivyo, mzee aliyekonda ndani ya siku tano. Akavuta kigoda, akaketi kando yake.

"Hukujua, baba."

"Niliambiwa." Dakika alitikisa kichwa. "Usinitafutie njia ya kutokea. Aliniambia pumzi inakatika, aliniambia miguu inavimba, aliniambia robo saa haitoshi. Hakunificha kitu. Nilichukua kila alichoniambia nikakiweka begani kwangu, nikaona hakina uzito, nikamwambia twende."

Binti alimshika mkono, wakakaa hivyo, na hakuna aliyetazama saa. Huko nje watu waliendelea kupita na shughuli zao; mmoja aliwaona dirishani, akamwambia mwenzake kwamba yule mzee anaendelea vizuri. Ama kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.